Gari Linavuta Pepo

Lubumbashi, Katuba, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na nyumba yote. Goti la kushoto linaendeleaje? Na mvua, imekuachia maharagwe au imeyaozesha shambani? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na sababu unaijua. Nilipojaribu kukueleza kwenye simu ulisema hata akili yangu imefungwa, ukakata, na wiki ya pili sasa ukiona namba yangu hupokei. Basi nimeandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya maneno. Dada Masika akusomee polepole, na akifika mwisho arudie.

Neno lililotuletea shida ni moja tu: pepo. Nilikutumia sauti nikasema, "Mama, fundi ameona ugonjwa wa gari. Linavuta pepo, ndiyo maana halina nguvu." Ukaipeleka sauti ile kwenye chumba cha maombi, wamama wote wakaisikiliza, na kabla hamjafunga sala ikawa imejulikana kwamba gari la marehemu Baba limefungwa, na aliyelifunga analala nyumbani mwetu. Mkakumbuka kwamba mke wangu Kavira alisema siku ile naondoka, "Heri gari hilo lizime kabisa, urudi." Kesho yake akambeba mtoto, akarudi kwa wazazi wake.

Mama, huku Lubumbashi pepo ni hewa. Ni upepo tu. Mtu akisikia joto anatoka nje kukamata pepo, na hakuna anayemwekea mikono. Miaka miwili ya kukaa na watu hawa imenigeuza ulimi, nikakutumia neno lao kana kwamba ni la kwetu Butembo. Kosa hilo ni langu na ninaliombea msamaha. Lakini maneno ya Kavira yalikuwa ya mke aliyechoka kungoja, na hata wewe uliwahi kumwambia Baba makali kuliko hayo. Nilikuwepo, nilisikia.

Sasa sikiliza jinsi gari lilivyonitesa. Lilianza kunitesa kwenye safari ya kutoka Kasomeno, nimepakia mahindi. Kwenye tambarare lilikwenda kama siku zote. Tulipoanza mlima nikakanyaga, mashini ikalegea chini ya mguu wangu. Nikashusha gia, ikalegea zaidi. Watu wa makaa wanaosukuma baiskeli wakanipita, na mmoja akanipungia mkono, mshenzi yule. Nikasimama, nikasukuma mafuta ya mazutu kwa ile pampu ndogo ya mkono, likawaka, likapanda kidogo, likalegea tena. Mlima ambao Baba, alipokuwa akifanya kazi huku, alikuwa akiupanda huku anatafuna karanga ulinichukua asubuhi nzima hadi saa tisa mchana.

Nilipofika mjini kila aliyepita alikuwa fundi. Wa kwanza akasema filtre ya kuchuja mazutu imeziba, nikabadilisha filtre mbili. Wa pili akasema mazutu ya kwenye mapipa ya njiani ni machafu, tukamwaga tanki lote, tukaliosha, tukatoa matope na kifuniko cha chupa ya bia. Wa tatu, mwenye maneno mengi kuliko wote, akasema pampu kubwa ya mashini imezeeka. Akaifungua, ikapelekwa kupimwa, na kwa siku tano gari likakaa na tumbo wazi. Pampu ikarudi na jibu kwamba haina shida yoyote. Wenye mizigo hawakuningoja, wakaenda kwa wengine. Nilikasirika hata na Baba, Mama, kwa kufa na kuniachia chuma hiki. Na kwa kuwa nakueleza yote, jua kwamba mchana mmoja niliweka mkono juu ya mashini nikaiombea. Kwa hiyo siwacheki ninyi sana.

Ndipo nikampata Papa Mutombo. Ni mzee ambaye wazazi wake walitoka Kasai, yeye kazaliwa hapa hapa, na miwani yake imefungwa kwa waya. Hakufungua kitu siku ya kwanza. Aliniuliza tu: linalegea wapi, likiwa na mzigo au tupu, likipumzika linarudi? Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Bale bafundi banabadirisha bintu bila kuuliza motoka iko naumwa wapi," akasema.

Akatoa kipande cha tiyo, lile bomba linaloleta mazutu kwenye mashini, akaweka mahali pake bomba la plastiki linaloonyesha ndani. Tukawasha. Mazutu yakapita yamejaa mapovu.

"Angaria, papa. Ile mapovu njo pepo. Kamio iko navuta pepo."

"Linavuta pepo kutoka wapi?" nikamwuliza kwa hasira, maana nilikuwa nimelala chini ya gari siku nzima nikitafuta tone, na hakuna hata moja.

"Utatafuta bure. Ku ile upande pompe iko nanyonya. Kitundu iko naingiza pepo, haitoshake mazutu inje." Yaani upande ule pampu inanyonya, kwa hiyo tundu linaingiza hewa ndani bila kumwaga tone nje.

Kisha akaning'iniza bidoni, dumu dogo la mazutu, pembeni ya kabini, akavuta bomba moja hadi kwenye mashini, tanki na tiyo zake tukaviacha kando. Tukapakia matofali ya jirani, tukatafuta kilima. Gari likapanda. Lilipanda kama zamani, Mama, na mimi machozi yakanitoka mbele ya mzee wa watu. Tukajua mashini ni nzima, pampu ni nzima, ugonjwa uko njiani kutoka kwenye tanki. Saa ile ile ndipo nilipokutumia ile sauti. Niliituma kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko siku zote nilizolala chini ya gari.

Kesho yake, wakati Kavira anafunga mkoba wake nami sijui, tulifuata tiyo kwa vidole, hatua kwa hatua. Nyuma kabisa, mahali macho hayafiki, vidole vyangu vikagusa kitu kinene chenye matope makavu. Nikataka kukikata kwa kisu, Papa Mutombo akanishika mkono.

"Ngoja kwanza. Muntu alifunga hii na akili."

Tukakifungua taratibu. Juu ni utepe wa mpira wa ndani ya gurudumu, umezungushwa mara nyingi, na fundo lake nikalitambua, lile la Baba la kufungia maturubai, ambalo mkia wake unapita chini mara mbili. Mpira umevimba kwa mazutu na kuoza, ndiyo hewa ikapata mlango. Chini ya mpira kulikuwa na kitambaa, na chini ya kitambaa, ufa kwenye tiyo. Baba aliuziba peke yake njiani, sijui mwaka gani, na hakumwambia mtu.

Kitambaa hicho kimo ndani ya bahasha hii. Nimekifua mara tatu, harufu ya mazutu imekataa kutoka. Tazama katikati, mahali ambapo hapakuchafuka: njano, na ndege wa buluu. Ni kile kitenge ulichompa Baba ajifunike baridi safarini, na pande lililobaki liko sandukuni mwako. Lichukue ulinganishe, usiniamini kwa mdomo.

Tumeweka tiyo mpya. Jumamosi nimetoka Kasomeno na mahindi, mlima ule ule, sikushusha gia mara ya pili.

Chumba cha maombi kiliuliza nani alilifunga gari. Waambie ni Baba. Alilifunga kwa kitenge chako ili limfikishe, na limebeba watu na mahindi miaka yote hii bila sisi kujua.

Nisalimie kaka Paluku, mkubwa wetu, na mwambie asitafute mnunuzi wa gari. Nisalimie shangazi anayeuza chumvi sokoni. Masika, asante kwa kusoma, sasa rudi mwanzo. Mchungaji pia nisalimie, kwa heshima, na umsomee sehemu ya mapovu.

Kavira simsalimu humu. Salamu zake nakupa wewe, Mama. Jifunge pande lile la ndege wa buluu, uende kwa wazazi wake na goti lako hilo hilo, umpelekee kwa mdomo wako, kisha umrudishe nyumbani.

Mwanao, dereva wa gari la Baba,
Kambale