Semina ya Usalama Nkoma

Jumatatu, 15 Aprili
Kusahihisha insha. Mkuu wa shule kaniita: wataalamu kutoka Dar wana semina ya usalama wa dunia kijijini Nkoma, wanataka mtu wa kuwatafsiria Kisukuma. Nimekubali kwa ajili ya lifti tu. Mayu Minza, mama yangu mdogo, anaishi huko peke yake. Nasikia anasemwa vibaya.

Jumatano, 17 Aprili
Mtaalamu mkuu kavaa suti kwenye jua hili. Anasema dunia imekuwa kijiji. Hajawahi kuishi kijijini. Angeishi, angeogopa kusema hivyo. "Utandawazi" nimeutafsiri kuwa vitu vya mbali kufika kwetu. Wazee wakaitikia kwa adabu. Walifuata pilau.

Alhamisi, 18 Aprili
Watu wameulizwa wanaogopa nini. Masunga, jirani wa Mayu, kasema wadudu wamemaliza pamba yake ingawa alipuliza dawa. Aliinunua mnadani. Tangu ushirika ufe, kila mwenye meza anauza dawa. Chupa nimeiona: maandishi ya nchi gani sijui, ndani kama maji ya sabuni. Lakini Masunga halaumu chupa. Analaumu macho mekundu ya Mayu, eti ni ya mchawi. Mpumbavu. Macho yale ni ya moshi wa samadi anayopikia.

Mayu akasimama, akamnyooshea kidole. "Mimi naogopa huyu."

Nikatafsiri. Mtaalamu hakuinua hata kichwa. "Hilo ni la kifamilia, Mwalimu. Mwambie tumelipokea. Turudi kwenye mipaka ya nchi."

Sikumwambia. Hawajapokea kitu.

Ijumaa, 19 Aprili
Mlango wa Mayu umekatwakatwa kwa mapanga. Yeye alijificha kwenye mtama, kalala na umande. Sungusungu, walinzi wetu hodari, hawakusikia lolote.

Mtaalamu kafunga semina kwa kusifu utulivu wa kijiji. Nikampandisha Mayu kwenye gari lao. Mtaalamu akasema gari ni la semina. Nikamwambia basi atushushe wote wawili, hapo hapo, mbele ya watu aliowahubiria. Akapanda mbele. Mpaka tunashuka kwangu Bariadi hakugeuka nyuma.

Jumapili, 21 Aprili
Mayu yuko kwangu. Kanisani hakutaka kwenda. Kafagia uani, kachambua mchele, kala kidogo. Ameuliza nani atamvunia karanga.

Jioni kahamisha kigoda chake, mgongo ukutani, mahali anapoiona njia. Nimekaa naye.