Dumu la Petroli Chini ya Kiti Changu

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai wewe na wifi ni wazima, na watoto hawajamsahau shangazi yao. Mguu wako je, bado unauma kukiwa na baridi? Sisi huku tunapumua. Kibonge wangu ameota meno mawili ya chini, anang'ata kila kitu mpaka kidevu cha baba yake. Mama hajambo, anakuombea.

Haya, salamu zimetosha. Kaka, nina hasira na wewe, tena si kidogo.

Ile injini ya boti uliyotutumia tuliipokea kwa machozi ya furaha. Makasia yalikuwa yamemmaliza Baba Kibonge mikono, kuvusha nyanya kwenda soko la ng'ambo kila siku. Ila ilikuja bila tangi wala mpira wa mafuta. Akakupigia simu kukuuliza. Unakumbuka ulivyomjibu? Mimi nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu: "Shemeji, wewe mwanamume au bibi harusi? Chukua dumu, toboa kizibo, chomeka mpira, twende kazi!" Mkacheka wawili nyie.

Basi neno lako likawa sheria. Akachukua dumu la mafuta ya kupikia, akachomeka kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akakifunga kwa kitambaa. Dumu akaliweka chini ya kiti changu. Petroli ikaula ule mpira mpaka ukalegea kama utumbo, ikawa inadondoka sakafuni mwa boti kidogo kidogo.

Na pale sakafuni, Kaka, ndipo nilipokuwa namlaza Kibonge, nimemfunika shuka upepo usimpige. Mimi mama mtu! Sikujua kwamba mvuke wa petroli haupandi juu kama moshi. Unashuka, unalala chini pamoja na mtoto.

Jumanne tulipofika ng'ambo hakuamka. Nilimwinua, shingo ikaning'inia. Nikakimbia naye gatini nampepea, namwita, nampuliza usoni, mpaka akatapika ndipo akalia. Watu walinishangaa nacheka na kulia pamoja. Nyuma yangu fundi wa injini anamfokea mzee mmoja mwenye sigara aliyekuwa anapanda boti yetu: "Wee babu, zima hiyo! Unataka kutuchoma?"

Fundi huyo ndiye aliyenieleza habari ya mvuke, na ameniwekea kando kwake tangi la boti lenyewe, lenye tundu la kupumulia kwenye kifuniko, na mpira wa petroli na vibano vyake. Linafungwa nyuma kwenye hewa, lisitembee, na linajazwa nchi kavu, si ndani ya boti. Kulifunga ni kazi ya asubuhi moja tu.

Nimemweleza Baba Kibonge. Ni kumpigia mbuzi gitaa. Anasema mtoto alichafukwa na mawimbi, na kwamba wewe umeendesha boti kabla fundi huyo hajazaliwa. Si mtu mbaya, unamjua. Ila akibadilisha anaona atakuwa yule bibi harusi wako.

Kwa hiyo nimeichukua ile kamba nyekundu ya kuzimia injini. Bila klipu yake injini haiwaki, hata aivute mpaka bega ling'oke. Sasa amerudi kwenye makasia, amenuna, na nyanya zinafika sokoni zimechoka. Zichoke. Mwanangu hazaliwi mara mbili.

Mpigie, Kaka. Usimtumie salamu kupitia kwangu. Mpigie mwenyewe, na kwa sauti ile ile uliyomchekea, mwambie ulikosea. Atakusikia, na siku hiyo hiyo tangi litafungwa, najua. Mpaka nisikie, kamba iko shingoni mwangu, hata naoga nayo.

Nisalimie wifi, na shangazi yetu mkubwa ukimwona. Mungu akulinde wewe na wanao, usije ukamwinua mtoto ukakuta shingo imelegea.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Mama Kibonge