Sahani za majani ya migomba

Vero mwanangu, mbona hupokei simu? Basi soma.

Lile tamasha letu la hapa kijijini Kanoni, lisilo na plastiki. Uwanja umejaa, bendi inapiga, watu wanakula pilau kwenye majani ya migomba. Hakuna sahani ya kutupa hata moja. Nikapanda jukwaani kujisifu.

Nikasema kwenye kipaza sauti, tena kwa madaha, eti hatukumwonea mtu. Lameck wa kwaya alipita jana yake kila shamba kijiji kizima, akikata jani moja moja.

Watu wakaanza kuyatazama majani mikononi mwao. Mpaka mpiga ngoma akaacha kupiga.

Mama Kobugabe, jirani yetu, akasimama na jani lake mkononi. Akauliza taratibu tu: "Kwa kisu kimoja?"

Kisu kimoja, Vero.

Nikamgeukia Lameck. "Ulikuwa unakipitisha kwenye moto kila ukitoka shamba moja?" Akasema sikumwambia. Na kweli sikumwambia. Mimi, niliyemwona bibi yako aking'oa shamba lote kwa ugonjwa wa mnyauko ulioletwa na kisu cha kuazima.

Mama Kobugabe akasema, "Kwangu migomba miwili inanyauka tangu juzi. Kwenu alikata kabla yangu, au baada?"

Hakuna aliyekula tena. Watu wakaondoka kukagua mashamba yao, bendi ikabaki na sisi.

Baada, Vero. Kwetu alikuja akitoka kwake. Na baada yetu, kijiji chote.

Niko shambani nageuza majani. Moja la chini lina njano. Najua ni mapema mno kwa ugonjwa kuonekana. Wewe niambie tu ni uzee wa jani.