Makomeo ya Mlango wa Macho-Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Kaka ameanza kazi leo, katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu. Miaka kumi na mmoja gerezani kwa mauaji ambayo hakuyafanya, kisha mahakama ikatamka kwamba hana hatia, aende nyumbani. Nyumbani! Mkewe ameolewa kwingine. Randa zake zimeota kutu. Na bado, akifika kwenye mlango uliofungwa, husimama mikono nyuma mpaka mtu amfungulie. Seremala!

Nilimfungulia. Akacheka: asante, afande. Sikucheka.

Jumatano, 6 Machi

Jioni nilipita tena kwenye duka la rangi. Macho-Mawili alikuwa kaunta. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kiapo chake mahakamani dhidi ya kaka: nilimwona kwa macho yangu mawili. Hakumwona mtu. Kwa nini alidanganya, sijui hadi leo, wala hajawahi kuulizwa.

Mimi husimama ng'ambo ya barabara, namtazama, sisemi neno. Leo alimwaga rangi hadi kwenye viatu vyake. Nilirudi nyumbani mwepesi kama msichana. Je, hiyo ni haki, au ni raha tu? Wanafunzi wangu chuoni ningewataka watofautishe. Mimi sijatofautisha. Kesho nitarudi.

Ijumaa, 8 Machi

Mteja wa kwanza! Mwanamke kijana, mcheshi, amekuja na kamba yenye mafundo — hapa urefu, fundi, na hapa upana. Mumewe hapati usingizi, alisema. Kuna mwanamke husimama mbele ya duka lake la rangi kama jini.

— Nikamwambia, baba, si mchumba wako wa zamani huyo? Akaruka! Ooh, si mchumba, nimemwona kwa macho yangu mawili, amenijia kwa ubaya.

Nilikuwa napiga msasa. Niliendelea kupiga msasa. Ameolewa mwaka jana tu. Hanijui, wala hamjui kaka.

Anataka mlango mzito, makomeo mawili, juu na chini, kwa ndani. Mzee ajifungie, apate usingizi.

Randa ya kaka ilisita. Kisha ikaendelea. Jumatatu utakuwa tayari, shemeji, alisema. Shemeji!

Sikumuuliza kama ameelewa ni mlango wa nani. Naye hakuniuliza ni nani anayesimama ng'ambo ya barabara.

Jumapili, 10 Machi

Mlango umekamilika. Mbao ngumu, vanishi inayong'aa upande wa nje. Na makomeo yote mawili ameyafunga upande huohuo — upande wa nje! Nimeuzunguka mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mtu yeyote aliye barabarani ataweza kumfungia Macho-Mawili ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Amekosea? Milango yote aliyoishi nayo gerezani ilifungwa kwa nje, na mkono hufuata ulichozoea. Au hakukosea. Anafagia banda, anapiga mluzi. Uso wake haunipi jibu.

Furaha niliyoipata inanitisha. Nilimwona akilini yule mtu akisukuma, akigonga, akiita, nami nje nikisikiliza tu. Aonje! Hata usiku mmoja!

Lakini nafikiri tena. Atayaona makomeo. Atauliza jina la fundi. Ataapa kwamba ametishwa, na safari hii atakuwa na kitu cha kuonyesha. Watamrudisha kaka ndani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemrudisha.

Skrubu chache na bisibisi. Kazi ndogo. Sijaianza.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nimeketi juu ya rundo la mbao, bisibisi mapajani. Mlango umeegemezwa ukutani, makomeo yanang'aa juani. Bado yako nje.

Mwenye mkokoteni amefika.

— Mama, tuupakie au tuuabudu?

Upepo umeurudishia mlango wa banda. Kaka yuko ndani. Ananiita. Profesa, umeukagua? Uko sawa?

Ningeweza kumwambia sasa hivi. Neno moja. Lakini nikisema, Macho-Mawili atalala salama — kwa mikono ya kaka yangu! Kila mtu atakuwa amelala isipokuwa sisi.

Nimemjibu: subiri kidogo.

Anasubiri. Namwona kwenye ufa wa mbao za banda, mikono nyuma, uso umeelekea mlango ambao haukufungwa hata kwa kamba. Mwenye mkokoteni ameshashika ncha moja ya mlango mpya, ananitazama mimi nishike ya pili. Nami bado sijamfungulia.