Mahali pa Kuvuta Pumzi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Paa limeacha kuvuja, na paka wako kanenepa hadi dirisha limemshinda kuruka.

Ule wimbo nilioutunga nikakutumia umerekodiwa, ili kwaya yako iuimbe, uliniuliza waimbaji wangu niliwatoa wapi, maana ubeti wa tatu wanauimba wote bila kuvuta pumzi. Nikakujibu, "Mazoezi tu, Shangazi." Sifa tamu.

Sasa unaniandikia kwamba umemtoa Mama Cherehani kwenye kwaya yako kwa sababu pumzi inamkatikia kwenye ubeti huohuo, naye akakunja sare yake, akaiacha kwenye kiti, akaenda zake.

Natamani ardhi inimeze. Shangazi, sina kwaya. Zile sauti zote ni za programu ya kompyuta. Naiandikia maneno na noti, inaimba. Kompyuta haina mapafu, nami nilisahau kuweka mahali pa kupumua. Hao waimbaji wako wengine wanaoumaliza ubeti, nina hakika wanaruka maneno.

Tafadhali mrudishie sare kwa mkono wako. Mwambie hakukosea hata neno, na kwamba naupanga ubeti ule upya, nikihesabu pumzi zangu mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
kwaya nzima.