Filamu Haikushika

Mpendwa kaka yangu Njoroge,

Nimepiga simu yako ya Juba tangu Pasaka na hakuna anayeichukua. Kwa hivyo naandika.

Nakumbuka meza ya Mama pale Kileleshwa, wiki moja kabla ya harusi yangu. Ulitoka kazini, studio kule mjini, ukiwa na kamera ya bosi wako, ukaiweka kando ya vikombe vya chai. "Hii inavuta filamu yenyewe," uliniambia. "Na kama filamu haijashika, inakataa kupiga. Inakuonyesha." Ukabonyeza, ikanguruma kidogo, Mama akacheka. Tangu aanze zile dawa kali za hospitali kule Upper Hill, kicheko chake kilikuwa kimeadimika.

Mimi ndiye niliyekataa. "Utatumiaje kamera ya mtu, na ya Baba iko?" Ulijaribu kunieleza kwamba ile ya Baba unavuta filamu kwa kidole gumba kila picha, na kwamba filamu inaweza kuteleza isisogee, ukapiga bure bila kujua. Sikusikiza. Baba alikuwa amefariki miaka sita kabla, na nilitaka kitu alichokishika kiwe harusini. Ulinitazama, ukasema, "Sawa, Wambui. Siku ni yako."

Kanisani mambo yalienda vizuri. Picha hizo ninazo. Ilikuwa baadaye, kwenye bustani ile ya Spring Valley, ndipo Mama, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini kwa siku hiyo tu, alipoinuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna aliyetarajia. Alirekebisha kitambaa kichwani, akamshika mume wangu mkono, akaanza kucheza. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye nyasi ukibadilisha filamu, nami nikakupigia kelele: "Njoroge, haraka! Mama amesimama!" Ukafunga kifuniko bila kuangalia. Ukapiga, ukavuta, ukapiga, ukavuta. Mama akakuita, "Nipige nikiwa wima. Hicho kiti kisionekane."

Alipochoka, walimrudisha hospitalini. Wewe uliendelea kupiga wageni, mpaka hesabu ya kamera ikapita thelathini na sita, ambapo filamu huisha, na kidole chako bado kinavuta tu. Nilikuona ukisimama ghafla. Uliingia chumba cha kuwekea viti, ukafunga mlango ili ufungue kamera gizani. Ulipotoka ulikuja moja kwa moja kwangu.

"Filamu haikushika," ulisema. "Za Mama hakuna hata moja."

Wiki tatu baadaye tulimzika. Kwenye matanga, Tata, dadake Mama, alisema mbele ya watu kwamba uzembe wako ndio uliotunyima picha zake za mwisho. Ulinitazama. Ulingoja niseme ni nani aliyekataa ile kamera nyingine, na ni nani aliyekuharakisha. Niliangalia chai yangu. Nawe hukunitaja. Baada ya miezi michache uliacha studio, ukaenda Juba kufanya kazi ya stoo.

Siku hizi naishi kwenye nyumba ya Mama. Mume wangu alihamishwa Kisumu, anakuja mwisho wa mwezi. Jioni napika chakula cha mtu mmoja, naosha sahani moja, nawasha redio ili kuwe na mtu anayeongea. Mara nyingine nakuongelesha wewe. Nakumbuka ulivyokuwa ukiningoja kwenye steji ya matatu nikiwa kidato cha kwanza, ukijifanya ulikuwa unapita tu.

Mwezi uliopita nilienda studio kwenu kuuliza habari zako. Hawakuwa nazo. Mwenzako mmoja alinitolea ile kamera ya bosi wenu, akaweka filamu vibaya makusudi ili nione. Ikakataa. Alama ndogo ilimetameta, na kila alipobonyeza, kimya. Nililia mbele ya watu waliokuja kupigwa picha za pasipoti.

Jumapili iliyopita niliwaalika watu wetu chakula cha mchana. Walipomaliza kula niliwaambia yote, kuanzia ile meza hadi yale matanga. Tata aliweka kikombe chake chini.

"Miaka minne," akasema. "Na ukamwacha abebe peke yake?"

Nilianza kukusanya sahani.

"Mpigie."

"Hachukui, Tata."

"Basi mwandikie. Na mimi uniandike hapo chini, kwamba namwomba msamaha."

Ndiyo maana ya barua hii. Sikuombi urudi, wala usijilazimishe kunijibu. Kosa lilikuwa langu, kaka, na sasa kila mtu nyumbani anajua.

Dada yako mdogo,
Wambui

Na Tata, ambaye anaomba msamaha.