Mama Taslimu

Jumapili, 3 Machi

Kesho naanza kazi, na leo ni Jumapili ya kwanza kwa muda mrefu ambayo sidaiwi na mtu. Nimekaa kitandani nikajitafutia deni lolote nililosahau, hata la muuza mkaa. Sikuliona.

Nieleze, ingawa ninayemweleza ni mimi mwenyewe. Mdogo wangu alikopa benki anunue mashine ya kusaga nafaka, mimi nikamdhamini. Mashine ikafa, biashara ikaifuata. Na dhamana maana yake ni hiyo: aliyekopa akishindwa, wanakuja kwako. Wakaja. Kiwanja nimeuza. Kiinua mgongo cha ualimu kimekwenda. Makochi, jokofu, televisheni – vyote vimetoka mlangoni vimebebwa na watu wenye furaha.

Ijumaa benki wamenipa karatasi yenye mhuri kwamba nimemaliza. Karani akanipa hongera, na papo hapo akaniuliza kama ningependa mkopo mwingine, kwa kuwa sasa ninaaminika. Nilicheka mpaka mlinzi akageuka.

Sasa nina chumba kimoja uani kwa watu. Kitanda, meza, sufuria mbili. Mwanangu anasema ni aibu, nihamie kwake nilale na wajukuu. Mama, watu watasema nini? Nimemwambia watasema nimelipa.

Jumatatu, 4 Machi

Kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kurasa zilizopangwa ambazo bado hazijachapwa. Tunasoma wawili wawili. Mmoja anashika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, mpaka alama za uandishi. Mwenzake anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu. Mwisho wote wawili wanatia saini. Bila saini mbili mtambo hauwashwi. Utaratibu mzuri. Aliyeubuni alikuwa anawajua wanadamu.

Mwenzangu ni mama kijana mwenye watoto wawili, anayeitwa Kasuku na kila mtu, naye haoni ubaya. Kazi imemwingia damuni. Saa ya chai alimwambia mama wa chai: "Chai moja, mkato, mkate vipande viwili, nukta." Mama wa chai akamimina tu, amezoea.

Jioni Mhasibu aliniita dirishani, akanisukumia bahasha. "Karibu kazini, Mama. Advansi yako hiyo."

Nikasema sijaomba. Akasema hapa hakuna anayeomba, kila anayeanza hupewa, ndiyo makaribisho ya hapa, inakatwa kidogo kidogo wala hutaisikia. Nikairudisha. Akaisukuma. Nikairudisha tena. Nikamwambia mshahara wangu nitauchukua utakapokuwa wangu. Akanitazama kana kwamba nimekataa salamu yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata jina. Fundi wa mtambo, jibaba lenye vidole vya wino, ndiye aliyenibatiza. Wote hunywa chai kwa kuandikishwa, mimi natoa sarafu hapo hapo. Leo akasema kwa sauti, "Mpisheni Mama Taslimu, yeye na deni hawapandi gari moja!" Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nimefundisha darasa la watoto themanini. Kwa majina waliyonipa wale, hili ni heshima.

Kasuku hakucheka sana. Aliniuliza pembeni, "Mwalimu, kweli uliikataa ile bahasha? Inakataliwa?"

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kupumzika. Nimepanga maisha.

Maharagwe yanalowekwa tangu jana yake. Yanachemka kidogo tu, kisha sufuria inafungwa kwa blanketi kuukuu na kuwekwa ndani ya katoni. Joto halina pa kwenda. Nikirudi yameiva, na mkaa umebaki. Vipande vya sabuni havitupwi: vinalowekwa, vinafinyangwa pamoja, vinakauka, vinakuwa sabuni. Kazini naenda kwa miguu, na magoti yakilalamika nayaambia yangoje mwisho wa mwezi kama wengine.

Mke wa mwenye nyumba ameniona nikifinyanga sabuni, akasema pole bibi. Sikuipokea. Pole hupewa aliyepatwa na jambo. Mimi sijapatwa, mimi nimeamua. Kula maharagwe siku nne mfululizo kwa kutaka ni tofauti kabisa na kuyala kwa kukosa, ingawa tumbo, nakiri, halioni tofauti hiyo.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu na mkewe wamekuja. Waliketi kitandani, mimi kwenye kiti. Walizunguka mno kabla ya kutua. Mkwe alisifu pazia. Sina pazia, ni kanga.

Hatimaye ikatoka. Wanataka pikipiki ya kubebea abiria. Sasa kwa kuwa Mama ana kazi, na kazini kwake wanatoa advansi kwa urahisi, na yeye mtu wa jina zuri...

"Nani amekwambia wanatoa?"

"Kila mtu anajua, Mama. Pale wanatoa hata kama hutaki."

Nikamwambia basi mimi ndiye nisiyetaka. Akanuna. Ana miaka arobaini na ananuna vilevile kama alipokuwa na saba, mdomo wa chini mbele. "Kwa mjomba ulikubali."

Lilinichoma, nakubali. Nikamjibu kwamba ndiyo, na ndiyo maana amekaa kitandani badala ya kwenye kochi.

Mkwe alicheka, kisha akakumbuka yuko upande gani.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeelewa ile bahasha.

Meneja, kijana nadhifu ambaye hapandishi sauti kamwe, alitaka watu wa kufanya kazi Jumamosi bila nyongeza. Hakumwamuru mtu. Alipita tu akiuliza, mmoja mmoja, "Mwenzangu, na lile letu linaendeleaje?" Basi. Kila aliyeulizwa akaja kuandikwa Jumamosi. Fundi, ambaye sauti yake hushinda mtambo, aliitikia kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Kwangu alisimama. Akafungua mdomo, akaona hana neno la kuniuliza. Akasifu miwani yangu.

Baadaye Kasuku akaniambia yeye alianza na bahasha ya makaribisho, kisha mtoto akaugua, kisha kodi ya nyumba. Sasa mshahara wake unafika ukiwa umeshaliwa. "Mwalimu, mimi hapa nafanya kazi ya mwaka jana."

Ninaiandika sentensi hiyo ili nisiisahau.

Jumatatu, 18 Machi

Tumepewa kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Ni cha shule nyingi, na kinatakiwa Ijumaa. Kasuku anasoma, mimi nafuata. Kusikia hesabu zikisomwa kwa sauti tamu namna ile ni raha ambayo sikujua ipo.

Jumanne, 19 Machi

Raha imekwisha. Tulipofika nyuma kwenye majibu nikaona jambo. Sura ya tatu, swali la kwanza: 48 gawanya kwa 6. Nyuma jibu ni 9. Nikadhani ni kosa la upangaji. Nikaangalia mswada: nao 9. Swali la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo.

Kasuku ndiye aliyefukua kabatini mswada wa toleo la zamani. Zamani swali lilikuwa 54 gawanya kwa 6. Mwandishi amebadilisha maswali, kuanzia sura ya tatu mpaka mwisho, na majibu ameyaacha ya kale. Kwa hiyo prufu inafanana na mswada kikamilifu, na vyote viwili si sahihi.

Hapa ndipo mtu anaweza kusema, kazi yetu ni kulinganisha, na vimelingana, tia saini. Kisheria ni kweli.

Lakini mimi nimekuwa mwalimu mkuu. Najua madaftari themanini yakipangwa mezani saa kumi jioni yanasahihishwaje. Mwalimu hakokotoi. Anafungua nyuma ya kitabu. Simlaumu, nami nimefanya hivyo. Mtoto atakayeandika 8 atapigwa mkasi mwekundu, alama ya kosa. Atarudia, atapata 8 tena, atapigwa tena. Mwishowe atafikiri kichwa chake ndicho kibovu. Nimewaona watoto wa namna hiyo. Wanaacha kunyoosha mkono, na hawanyooshi tena.

Nimemwandikia Meneja ukurasa mzima wa maelezo. Kasuku amesema ungetosha mstari mmoja.

Jumatano, 20 Machi

Meneja alituita. Alikuwa na ukurasa wangu. Alisema nimefanya kazi nzuri sana, na kitabu kitachapwa kama kilivyo.

Nikauliza kama mwandishi ameambiwa. Yuko safarini. Nikasema basi nipewe siku mbili niyakokotoe majibu mwenyewe. Hakuna siku mbili, lori linakuja Ijumaa asubuhi. Akatabasamu. "Mwalimu wangu, ni majibu ya nyuma ya kitabu. Nani anayasoma?"

"Walimu. Hiyo ndiyo shida."

Akamgeukia Kasuku. Hakupandisha sauti. "Dada, na lile letu linaendeleaje?"

Kasuku akachukua kalamu akatia saini. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Ulikuwa mkono uliozoea.

Kisha kalamu ikaja kwangu. Nikaitazama. Nikamwambia Meneja kwamba saini yangu inasema nimesoma na nimeridhika, na nusu yake ya pili si kweli. Akanikumbusha kwa upole kwamba niko kwenye kipindi cha majaribio, na kwamba ripoti yangu iko mezani kwake wiki hii hii. Akasema pia, kwa upole zaidi, kwamba mtambo ukilala, nyongeza ya usiku haitakuwepo kwa mtu yeyote, na itabidi watu waambiwe kwa nini.

Nimeomba mpaka kesho. Amenipa mpaka kesho mchana.

Nilipotoka Fundi alikuwa mlangoni. Hakunitania. "Mama, mwenzio ana watoto. Na mimi nina watoto. Tia tu, sisi wote tunatia."

Nikamuuliza watoto wake wako darasa la ngapi.

Akajibu akitazama vidole vyake. Wa pili yuko la nne.

Nyumbani nimejisemea ukweli. Wakinifukuza, chumba hiki nakilipa mwezi mmoja zaidi, labda. Baada ya hapo ni kwa mwanangu, kitanda cha juu cha wajukuu, na mkwe akisifu mapazia yangu. Nitakuwa mgeni asiyeondoka. Nimeuza kila kitu nisiwe hivyo. Na sasa niuze na hiki? Kwa ajili ya 48 gawanya kwa 6?

Ndiyo. Lakini nimeandika "ndiyo" hiyo mara mbili nikaifuta mara moja.

Alhamisi, 21 Machi

Ninaandika hapa hapa mezani, saa ya chakula. Sijawahi kuandika shajara kazini. Wengine wako nje.

Asubuhi nilifika kabla ya mlinzi. Nikaanza kukokotoa majibu, sura ya tatu na ya nne. Zimeisha. Mtu akiwa amefundisha sehemu na desimali maisha yake yote, vitu hivi hujifanya vyenyewe. Nimebakiza ya tano mpaka ya tisa. Peke yangu sitamaliza leo. Ningekuwa na mtu wa kunisomea maswali huku mimi nikiandika, tungemaliza kabla ya jioni, mtambo uwashwe usiku, lori lipate mzigo wake. Nimemwambia Meneja hivyo. Akasema hana mtu wa kunipa, wote wana kazi zao, na kwamba saa nane atataka karatasi ikiwa na saini mbili au meza ikiwa tupu.

Nikamwambia meza hii haitakuwa tupu kwa hiari yangu. Aje anibebe, na mimi si mwepesi, maharagwe yamenikubali.

Hakucheka. Mhasibu nyuma yake alicheka, akajifanya anakohoa.

Kasuku hajaniangalia tangu asubuhi. Simlaumu. Mshahara wake wote uko ndani ya droo ya mtu mwingine. Ningekuwa yeye ningetia saini vilevile, na ningechukia mtu aliyekaa kando yangu akiringa na mikono yake mitupu. Nalifikiria hilo. Kutodaiwa ni bahati pia, si ushujaa tu. Nililipa kwa kiwanja. Yeye hana kiwanja cha kuuza.

Saa nane kasoro. Wanarudi.

Kasuku amerudi. Ameichukua ile karatasi ya saini mezani kwangu. Amekata jina lake kwa mstari mmoja, kwa rula, kama tunavyokata neno linaloondolewa. Pembeni ameandika tarehe ya leo. Kisha amevuta kiti, amefungua mswada mbele yake.

Nikamwambia, "Mwanangu, fikiri. Atalikata deni lote mwezi huu."

"Nimefikiri, Mwalimu. Akilikata lote litakuwa limeisha. Tuanzie wapi?"

Sura ya tano, nimemwambia. Zoezi la kwanza.

Ameanza. Anasoma kwa sauti ya juu kuliko siku zote, na kule kwenye mtambo watu wamesimama. Fundi amejifuta mikono, amekuja kuegemea ukuta wetu. Meneja yuko mlangoni na saa yake. Amemwita Kasuku kwa jina lake halisi, ambalo hata mimi sikulijua. Kasuku yuko swali la nne. Hajanyamaza. Naweka kalamu hii chini, nachukua nyekundu.